Namba za Uongo kwenye Mawe ya Neema

Jumamosi, Agosti 2021. Campbelltown. Rasharasha tangu asubuhi, na baridi inayopenya soksi.

Shajara yangu, leo sala imenishinda. Nilifika kwenye "utusamehe makosa yetu", nikaishia hapo.

Nimemdanganya mwanangu.

Tumefungiwa ndani wiki nyingi sasa. Neema, wa darasa la tisa, anasomea kwenye meza ya kulia kwa kompyuta. Mwalimu aliwaambia watafute karibu na nyumbani mahali ardhi imekatika, waone matabaka. Akaenda kijitoni, akapiga picha ukingo, akarudi na mawe manne. Kila jiwe alilibandika karatasi yenye namba ya tabaka lilikotoka: moja juu kabisa, nne chini kabisa. Jiwe la tatu, la kijivu, lina alama ya jani la zamani sana, hata mishipa yake inaonekana.

Mimi nafanya usafi kwenye nyumba ya wazee. Tangu korona ije, hata ndizi naziosha kwa sabuni. Jumatano nikakuta mawe ya nje pale tunapolia chakula, nikayatumbukiza kwenye beseni la dawa bila hata kuvaa miwani.

Namba zote zikaelea.

Ningesema palepale, yangeisha. Lakini nilisikia mlango wake ukifunguliwa, nikashikwa na hofu kama mtoto. Nikazikausha, nikazibandika tena kwa kubahatisha.

Jana akaniita nimsikilize akijaribu maelezo yake, maana Jumatatu anayawasilisha. Kwa Kiingereza chake na Kiswahili cha kunionea huruma, akanieleza kwamba tabaka la chini ndilo lililotangulia, isipokuwa ardhi iwe imepinduka. Na kwamba wataalamu mara nyingi hawalipimi jani lenyewe. Wanatafuta majivu ya volkeno juu yake na chini yake. Ndani ya majivu yale mna chembe zinazogeuka polepole, kwa mwendo usiobadilika, kwa hiyo wakipima kiasi kilichogeuka wanaijua miaka. Jani liko katikati, basi na umri wake uko katikati.

"Kumbe kama mimi!" nikasema. Kaka yangu Yona na mdogo wangu Rehema wana kadi za ubatizo zenye tarehe za kuzaliwa. Mimi sina. Marehemu mama alikuwa akisema tu, "Wewe uko kati ya Yona na Rehema, mwaka maji yalipobeba daraja." Karani wa pasipoti akaniandikia Januari mosi.

Neema akacheka mpaka akashika tumbo. "Mama, wewe ni kisukuku, kama hilo jani kwenye jiwe!"

"Kisukuku kinachokupikia wali, shauri yako. Haya, endelea."

Kisha akalishika jiwe la jani. Akatazama namba, akatazama picha. Namba ilisema moja, na kwenye picha tabaka la juu ni jekundu.

"Nimechanganya, Mama," akasema, sauti imeshuka. "Hili la kijivu sawa, nalijua. Lakini haya mengine yote ni mekundu, yanafanana. Jiwe usipojua limetoka tabaka gani, halikuambii kitu. Mimi sifai kwa mambo haya."

Nami nikamwambia, "Pole, mwanangu. Hutokea."

Pole! Mimi mwenyewe!

Na kuna baya zaidi, naliandika kwa aibu. Tangu aanze kutaja mamilioni ya miaka nimekuwa nikiihofia imani yake, nikisali kimyakimya ayaache. Namba zilipokataa, kabla sijamwonea huruma, moyo wangu ulifurahi. Kidogo tu, lakini ulifurahi. Kana kwamba Mungu aliyeumba lile jani anahitaji uongo wangu ili atetewe.

Leo asubuhi hakufungua kompyuta. Amejifunika blanketi, anasema Jumatatu atamwambia mwalimu kwamba ameshindwa.

Nilitaka kuandika kwamba kesho, baada ya ibada ya mtandaoni, nitamwambia. Lakini hiyo kesho naitumia tangu Jumatano.

Nimezibandua namba zote nne. Mawe yako mbele yangu, matupu. Viatu vya mvua nimeviweka mlangoni, jozi mbili, kama atakubali kurudi kijitoni na mtu kama mimi.

Chai yake imeshaiva. Naenda kugonga mlango.