Madaftari Sita ya Kifua Changu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia tangu tulipokuzika pale Sengerema, lakini leo nina habari ambayo siwezi kukaa nayo tumboni.

Unakumbuka safari zetu za kivuko cha Kamanga? Kifua changu kikibana ulinibeba mgongoni hadi kivukoni, na kabla hatujafika Mwanza mjini ulikuwa umeshanifunda: "Wakikuuliza, sema kifua. Pumu isitoke mdomoni mwako." Uliogopa jina hilo litaning'ang'ania, shule wanikatae, na baadaye wachumba. Kisha ulininunulia daftari jipya la matibabu, ili daktari asione ya nyuma. Madaftari sita, mama, na katika yote sita nilikuwa mgonjwa mpya wa nimonia. Sindano nilizochomwa bure! Nikizikumbuka najishika kalio hadi leo.

Sasa mwanao ni karani wa kumbukumbu hospitalini, na kumbukumbu zenyewe ziko kwenye kompyuta. Daktari wa watoto anachunguza pumu. Aliandika neno hilo humo kutafuta wagonjwa, wakatokea watoto wachache mno, akashangaa. Mimi nikacheka.

"Daktari, umetafuta neno ambalo mama zetu hawalitaji."

"Sasa nitafute nini?"

"Mtoto wa nimonia anayerudi rudi, akipewa dawa ya kuvuta anaruhusiwa siku hiyo hiyo. Nimonia haiponi kwa siku moja."

Kompyuta haidanganywi na daftari jipya, kwa sababu namba ya mtoto ni ileile. Mama, walijaa! Majina yalifichwa, nikaona namba na umri tu, lakini nilihisi nawajua wote. Nikapiga vigelegele, wenzangu wakaja kuchungulia wakidhani nimeposwa. Watoto hao wataitwa wapimwe vizuri, na wenye pumu wapate dawa ya kuwalinda kabla midomo haijabadilika rangi. Nina furaha, mama.

Nilikukasirikia pia, dakika mbili hivi. Halafu nikakumbuka mgongo wako ulivyolowa jasho.

Jumatatu nitazungumza na mama zao, maana daktari anasema neno langu watalisikia. Nikaona siwezi kuwaambia wasiogope huku mimi nimejificha. Jana nilimwomba aniandike mimi mwenyewe kwenye kompyuta: pumu, tangu utotoni.

"Jina lako nilifiche?" akauliza.

"Liache," nikasema. "Na la mama yangu liandike, ndiye aliyenileta."

Lala salama, mama.

Ni mimi, mwanao wa mgongoni,
ninayepumua vizuri.