Kiti Nilichokununulia kwa Simu

Njombe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka kwenye baridi ambayo hujawahi kuiona, maana asubuhi hii nyasi za nyuma ya jiko la shule ninapopika zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa unga. Mimi na mume wangu Majura tu wazima, kikohozi tu ndicho kinatusumbua, na hapa kikohozi siyo ugonjwa, ni hali ya hewa. Wewe je? Magoti yanakunyanyua asubuhi au mpaka ushike ukuta? Mvua imefika Kiabakari, au imeishia Bunda kama kawaida yake? Na yule ng'ombe mwekundu, maziwa yake yanatosha chai?

Wegesa, na wewe hujambo. Najua ni wewe unayesoma, maana macho ya mama hayaoni tena herufi. Nakuomba usome kama nilivyoandika. Usiruke mstari, hata ukikuta jina lako limekaa vibaya. Na wewe mama, ukisikia amenyamaza katikati, mwambie aendelee.

Mtaniuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu ni ya Wegesa. Nikipiga anapokea yeye, ananisalimia yeye, ananieleza umekula nini na umelalaje, halafu ndipo anakupa wewe, na spika ameiwasha. Mambo ya moyoni nitayasemaje kwenye spika? Ndiyo maana nimeandika, ingawa nayo ataisoma yeye. Sina njia ya kukufikia isiyopitia kwake, mama, na hilo nalo linanichoma.

Nina wivu. Neno hili nimelizungusha mdomoni tangu wakati wa kuvuna pamba, sasa nalitema.

Tangu Wegesa akununulie vile viatu laini kwa simu, sijasikia kwako habari nyingine. Nikiuliza mvua, unajibu viatu. Nikiuliza kama ng'ombe amezaa, unasema amezaa salama, na ulikwenda kumwona zizini ukiwa umevaa viatu. Umekwenda navyo kanisani, umekwenda navyo msibani Bugwema, na watu wote wakakuuliza umevitoa wapi, na wewe ukasema ni mkamwana wangu kanunua kwa simu, vikaja vyenyewe mpaka mlangoni. Mama, lile sweta la kahawia lenye vifungo nililifuma kwa mikono yangu, usiku wa baridi, nikiutafuta upana wa mabega yako kwa kukumbuka tu. Hukulitaja hata mara moja. Nilikuwaga najiambia labda limekubana.

Na usione ni viatu tu. Kuna la zaidi, na leo nalisema. Mungu hakukupa mtoto wa kiume, akakupa mimi peke yangu. Baba alipofariki ukaoa mwanamke awe mkamwana wako, kama desturi yetu inavyoruhusu, ili nyumba isifungwe na wapatikane watoto wa kubeba jina la baba. Sikupinga. Siku Wegesa anakuja nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Lakini ng'ombe zilizomleta ni zile za mahari yangu. Mimi nilitoka, ng'ombe zikaingia. Ng'ombe zikatoka, Wegesa akaingia. Sasa yeye anakusongea ugali wa udaga wa mihogo na kukuchagulia miiba ya samaki furu, na mimi huku nakoroga maharage ya watoto wa watu kwa mwiko mrefu kunizidi. Nifurahi tu? Nafurahi, lakini siyo siku zote.

Basi nikasema, kama ni kununua kwa simu, hata mimi simu ninayo. Nitakununulia kiti. Siyo kigoda. Kiti cha mbao chenye mgongo, mikono na mto, ukikaa nje kumenya mihogo usitafute pa kushika unapoinuka. Nilitaka kikufikie ghafla, Wegesa asijue lolote, naye asimame pembeni akishangaa. Ndivyo nilivyopanga, na sioni haya kusema.

Lakini mama, niliogopa. Sisi kitu tunakishika. Samaki unamfunua shavu uone wekundu, ng'ombe unamtembeza uone miguu, kitenge unakivuta juani. Sasa mtu akuoneshe picha, umpe hela, ukae usubiri? Mwenzangu wa jikoni, Mama Tumaini, aliagiza sufuria kubwa la pilau likaja la kuchezea mtoto, na picha ilikuwa ileile. Nikifungua simu naviona viti, naizima. Kesho yake nafungua tena. Majura akaniambia nisilipe kabla mzigo haujafika, na namba ya siri nisimpe mtu hata akisema ni malaika. Nikamwambia nimesikia. Kumbe nimesikia kwa masikio tu.

Nikampata kijana anayeuza samani kwenye duka la mtandaoni, anasema duka lake lenyewe liko Mwisenge, Musoma. Viti vyake vizuri, vinang'aa. Nikamwandikia kwamba namnunulia mama yangu Kiabakari. Palepale akanisalimia kikwetu. Mama, nimekaa huku miaka sisikii mtu akinisalimia kikwetu, nililainika. Akaniuliza ukoo, nikamtajia. Akauliza babu yangu ni nani, nikamtajia. Akauliza mwiko wa ukoo wetu, nao nikamwambia. Akaniandikia, basi wewe ni shangazi yangu kabisa, sisi ni damu moja, na kuanzia hapo ikawa shangazi huku, shangazi kule.

Unajua kwetu ilivyo. Mtoto wa kaka yako humwambii alete uthibitisho. Ukimdai shahidi umemtukana yeye na ukoo mzima. Kwa hiyo maswali yote niliyokuwa nimeyaandaa nikayameza. Aliposema kiti ni cha mwisho na kuna mwalimu wa Bunda anakitaka, nikamwamini. Aliposema tusipitie kule dukani mtandaoni, nimtumie kwenye laini yake ili anipunguzie bei kama shangazi yake, nikamshukuru. Nikaandika namba, na simu ikaleta jina la mtu mwingine kabisa, mwanamke. Nikamuuliza. Akasema ni laini ya mke wake, yaani mkamwana wangu. Nikacheka, mama. Nilicheka mwenyewe jikoni. Ilikuwa imebaki kubonyeza namba ya siri tu.

Hapo ndipo nikampigia Wegesa. Usidhani niliomba ushauri. Nilipiga kujigamba. Nilishindwa kusubiri mpaka kiti kifike; nilitaka asikie kwamba hata mimi nanunua kwa simu, tena kwa damu yangu, siyo kwa watu baki kama yeye. Nikamweleza yote kwa madaha. Hakunipongeza. Nikadhani ni wivu, nikafurahi. Halafu akaniuliza swali moja, kwa ile sauti yake ya chini.

"Wifi, huyo kijana amekwambia kitu gani ambacho hukumwambia wewe kwanza?"

Nikamwambia angoje. Nikarudi kwenye meseji, nikapanda juu, nikashuka. Kiabakari nilisema mimi. Ukoo nilisema mimi. Babu nilimtaja mimi. Mwiko niliutoa mimi kama mtu anayetoa sadaka. Yeye alichoongeza ni neno shangazi, na ile salamu, ambayo hata utingo wa basi la Musoma anaijua. Nikamwambia Wegesa hakuna kitu.

Wegesa akasema nimjaribu, nimwambie kiti kitalipiwa Kiabakari, mkononi, baada ya kukaguliwa. Nikamwandikia hivyo. Kwanza akanibembeleza, halafu akasema nimemvunjia heshima, shangazi gani asiyemwamini mtoto wake. Halafu akanifungia, na picha yake ikapotea. Mama, hela haikutoka hata senti, lakini nilikaa kwenye gunia la mchele nikalia. Nililia kwa ajili ya ile salamu. Na nililia kwa sababu aliyeniokoa ni Wegesa. Angekuwa mtu mwingine yeyote ningemshukuru vizuri.

Sasa mama, sikiliza hapa, na wewe Wegesa usianze kukohoa. Nilimwambia kwa uchungu, wewe unajua kila kitu, ndiyo maana mama anakusifu wewe tu. Akanijibu kwamba hakuzaliwa akijua. Kabla ya viatu vyako alitapeliwa. Alituma hela ya kuuza kuku wake wote, muuzaji akazima simu, na wewe alikudanganya kwamba kuku wamekufa kwa kideri. Alilia kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu ili usimwone. Halafu akajifunza, akaanza upya na vifaranga. Nikamuuliza, ulikuwa na haraka gani ya viatu mpaka uanze upya?  

"Nilichoka na sweta," akasema. "Kila siku sweta. Binti yangu kafuma, binti yangu hakunipima na limenikaa. Hata joto la Februari mama analivaa. Nikasema na mimi nitafute kitu."

Mama! Kumbe unalivaa. Kumbe yeye kwako anakula sweta asubuhi na jioni, kama mimi ninavyokula viatu. Unamsifia kila mmoja kwa mwenzake, na mwenyewe humwambii. Mimi na Wegesa tulicheka kwenye simu mpaka Mama Tumaini akaja kuangalia nimepatwa na nini. Halafu wivu ukarudi, usidhani uliondoka. Lakini ulirudi umepungua makali.

Kiti tumekitafuta pamoja. Yeye alimpata muuzaji wa Bunda, akasoma wateja wengine walivyolalamika na walivyoshukuru, akamwambia ageuze kiti amrekodie video ya chini, pale wanapofichaga misumari. Akakubali alipwe mzigo ukifika. Hela nilimtumia Wegesa, na hiyo nayo ni mara ya kwanza tangu umwoe. Kiti kikaja kwa hiace, akakipokea barabarani Kiabakari mbele ya watu.

Nikamuuliza kama amekikalia kabla ya kulipa, maana ndiyo ukaguzi wenyewe. Akashtuka kama nimemtukana. Mkamwana hawezi kukalia kiti cha mama mkwe wake, hata kama mama mwenyewe hajakiona. Nilikuwa nimesahau, mama. Kwa hiyo alimwita dereva wa bodaboda, yule mnene, akamkalisha, akamwambia aegemee, ajitikise, ainuke kwa kushika mikono ya kiti bila kusaidiwa, kama mtu mwenye magoti yako. Abiria wa hiace walikuwa wanacheka. Yule dereva aliinuka mara kadhaa mpaka Wegesa akaridhika, ndipo akalipa. Mimi ningekikalia tu mwenyewe, maana ni binti. Nimelifikiria sana hilo nikiwa jikoni.

Salamu natoa sasa, kwa sababu nikifika mwisho mtakuwa mmeshaniacha. Msalimie baba mdogo wa Bugwema, mwambie tumbaku yake nimeikumbuka. Msalimie mama mdogo wa Bunda na pamba yake, bei ikiwa mbaya asigombane na watu. Jirani anayekuletea dagaa, mwambie Mungu amlipe. Katekista mwambie huku napo tunasali. Wajukuu zako wabusu, hasa yule aliyebeba jina la baba, naambiwa anatembea kama yeye. Majura anakusalimu sana, anasema mkwe wake asisahau kumwombea barabarani na lori lake la magogo.

Sasa Wegesa, weka karatasi chini kidogo. Nenda kule stoo, nyuma ya magunia ya udaga ulikokificha. Ufungue lile turubai. Kiweke pale nje, upande wa kivuli, mama aone njia na anayepita barabarani. Ukimaliza rudi umalizie kusoma.

Mama, kaa. Kiti ni chetu sote wawili, mimi nimelipa na yeye amelinda. Ukikisifia, tusifie tukiwa tunasikia wote, uwashe ile spika. Vaa viatu vyako, na kama hakuna joto sana vaa na sweta. Bado nina wivu, sitakudanganya. Siyo wa viatu tena, wala wa ng'ombe. Ni kwamba umekaa sasa hivi, umeegemea, na anayekuona ni yeye.

Wegesa, wifi yangu, mwangalie kwa niaba yangu pia. Halafu unipigie uniambie alivyokaa.

Ni mimi binti yako unayemsifia kwa watu,
Nyangeta