Shingo ya Bata wa Babu

Suzhou, tarehe 3 Septemba

Kwa Dada mpendwa Suqin,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za Chengdu, na goti la shemeji limepata nafuu? Sisi wazima. Miguu inamsumbua Mama, ila mdomo wake hauna maradhi.

Dada, nimechoka! Ni miezi mitatu tangu bata wa Babu wa jiwe la jade avunjike shingo, na kila tukila Mama anaanza upya. Jana alisema bata yule ameishi miaka mia tatu, amenusurika vita na njaa, akaja kufia mikononi mwa mlevi. Nikamwambia siku ile Mjomba Bingwen hakuwa amelewa. Akaniuliza nimekuwa wakili wa kaka yake tangu lini, nile tambi zangu ninyamaze.

Sasa amempiga Mjomba marufuku asikanyage hapa Sikukuu ya Mwezi. Mzee wa miaka sabini na sita, mgane, ale keki za sikukuu peke yake! Nilimpeleka bata kwa fundi anayeunga jade kwa dhahabu. Nilipomsimulia ugomvi wa nyumbani akacheka, akasema shingo ataiunga, lakini ndugu waliokosana watafute fundi mwingine. Niliondoka bila kuaga, kwa hasira.

Dada, niliyokuandikia mwezi wa sita, kwamba Mjomba ndiye aliyemwangusha bata, si kweli. Unajua Babu alivyotufundisha: jade haipokezwi mkono kwa mkono. Unaiweka mezani, unaondoa mkono, mwenzio anaichukua mwenyewe. Mjomba alikuwa ameshatandika kitambaa, anangoja. Mimi nilikuwa na haraka, nikamtania kwamba desturi zake za kizee zitatuchelewesha, nikamtumbukizia bata kiganjani. Niliachia kabla hajashika. Mama alipotoka jikoni, Mjomba alitangulia kusema mikono yake imezeeka. Nami nikanyamaza.

Jumapili nilikwenda kumwomba ruhusa nimweleze Mama ukweli. Alinifokea, akaniita mpumbavu. Alisema Mama anaweza kuishi bila kaka, bila mwana hawezi, kwa hiyo nifunge mdomo. Kisha akauliza, taratibu, kama bado anawekewa kiti mezani. Nikamjibu ndiyo. Hicho kiti Mama alishakipeleka uani zamani.

Nikishaitia barua hii posta, narudi nyumbani kumweleza Mama. Akikupigia simu kunilaani, tafadhali usinitetee.

Wasalimie watoto na shemeji.

Mdogo wako,
Qihua