Kokoto za Sato Hazisagwi

Matongo, jirani na kanisa,
Tarime, Mara.
8 Agosti 2021

Mpendwa mdogo wangu Nyangwine,

Shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaituma, maana wadogo wa siku hizi mnangoja mpaka tuwadai. Hujambo huko Chunya? Kifua kimeacha kukusumbua, au vumbi la shimoni bado limekukalia? Sisi huku tu wazima. Mama anaumwa magoti, lakini asubuhi anakoka moto mwenyewe na ukimsaidia ananuna. Mahindi yametoka hivyo hivyo tu. Njaa haitatuua.

Barua hii anakuletea Mogesi, kijana wa jirani anayerudi machimboni huko kwenu. Simu yako haipatikani, na hata ingepatikana nisingetaka kuongea haya huku Baba mdogo Simioni amekaa pembeni anasikiliza. Kwa hiyo kaa chini, uisome yote kabla hujamjibu mtu yeyote.

Baba mdogo anatangaza kwamba umekubali pachimbwe duara, shimo la dhahabu, pale penye matangi yangu ya samaki. Anasema ulimtumia neno hilo kupitia mtu. Mimi sijaamini, na nitakueleza kwa nini sitaki kuamini.

Ulivyoondoka matangi yalikuwa saruji tupu, ukanicheka kwamba najenga josho la kuku. Sasa ungeyaona. Sato wamejaa humo. Pampu ya sola inavuta maji yao machafu mpaka kwenye vitanda vya kokoto, na kwenye kokoto hizo nimepanda saladi, nyanya na sukuma bila hata konzi ya udongo. Mizizi inakula uchafu wa samaki, maji yanarudi tangini yakiwa safi. Aliyenifundisha ni Sheila, yule rafiki yangu wa Shirati niliyesoma naye ufundi Musoma. Saladi inaenda kambi moja ya watalii kule Natta, na sato wanawagombanisha mama lishe wa Nyamongo. Hata Mama, aliyekuwa anasema samaki ni chakula cha watu wa ziwani, siku hizi anauliza kichwa amewekewa nani.

Sasa sikia balaa lililonipata. Kokoto zangu nilizinunua Nyamongo kwa wale akina mama wanaoponda mawe barabarani. Ni za kujengea, basi. Siku moja Baba mdogo akaona jiwe linametameta ndani ya maji, na wewe unajua watu wa huku jiwe likimetameta akili inakwenda wapi. Hakuniuliza. Alisubiri nimekwenda Natta kupeleka saladi, akaleta vijana wakang'oa miche yote, wakazoa kokoto kwenye viroba, bodaboda zikazipeleka kwenye karasha la Marwa zikasagwe zitoe dhahabu.

Nilirudi mchana nikakuta nyanya zimelala chini zinachomwa na jua, na sato wako juu ya maji, midomo wazi, wanatafuta hewa. Nililia, Nyangwine. Wala sikujificha.

Nikampigia Sheila nikamwambia nanunua kokoto nyingine sasa hivi. Akanikataza. Alisema kwenye zile za zamani wanaishi vijidudu tusiowaona kwa macho, na hao ndio wanaogeuza uchafu wa samaki uwe chakula cha mboga. Mawe mapya yangekaa majuma kadhaa kabla ya kuwapata, na samaki hawana muda huo. Nilitakiwa nizipate zilezile, tena kabla hazijakauka.

Basi nikapanda bodaboda mpaka kwa Marwa. Mashine inanguruma, vumbi tupu, na sehemu ya mawe yangu imeshakuwa unga. Nikapanda juu ya rundo lililobaki nikakaa, na gauni langu la safari hivyo hivyo. Marwa akanifokea nishuke. Nikamwambia kama ana haraka anisage na mimi. Vijana wakacheka, mmoja akasema dada huyu amechanganyikiwa. Waache wacheke, mimi nilikuwa nimekaa. Mwisho Marwa akazima mashine, maana hakuna biashara mtu akiwa amekalia mzigo.

Akina mama wa kwaya waliposikia, wakaja na mabeseni kama watu wa risaga wanaokwenda kumlimia mwenzao, wakabeba kokoto kichwani mpaka nyumbani. Jioni maji yakaanza kuzunguka tena. Samaki wengi walikufa, nikawafukia kwenye migomba. Waliobaki wamerudi kula vizuri. Na ule unga uliosagwa waliukosha na kuukosha, Baba mdogo amechuchumaa palepale hapepesi macho, hawakupata hata cha kuweka kwenye mzani.

Ungedhani ataona aibu. Wapi. Sasa anasema dhahabu haikuwa kwenye kokoto, iko chini ya matangi. Anajua kabisa hana haki hiyo, kwa sababu shamba hili ni la nyumba ya mama yetu, siyo la nyumba yake, na mtoto wa kiume wa nyumba hii ni wewe peke yako. Ndiyo maana anatembea na jina lako mdomoni. Wazee watakaa mwisho wa mwezi huu, na Mama amesema atafuata utakalosema wewe. Inaniuma kwamba jasho ni langu na neno ni lako. Lakini ndivyo tulivyozaliwa tukakuta, na leo sina nafasi ya kugombana na hilo.

Sikuambii shimo ni baya. Limemlisha Mama miaka ile mimi sina kitu, sijasahau. Lakini mwangalie Waisiko hapa jirani. Alikubali duara kwenye shamba la mihogo, wachimbaji wakahangaika, wakachoka, wakahama. Yeye amebaki na shimo lenye maji ambalo mbuzi wanatumbukia. Mimi kila wiki natoa mboga.

Kama hukulisema neno hilo, mwambie Mogesi hivyo mbele ya watu, naye arudi aseme mbele ya wazee. Na kama ulilisema, njoo mwenyewe na sururu yako, usiagize mtu. Utanikuta nimesimama katikati ya vitanda, na utanitoa kwa mkono wako wewe.

Msalimie wifi yangu Atieno, mwambie nimemhifadhia mbegu za osuga, ile mboga yake. Mama anakusalimu sana. Baba mdogo naye anakusalimu, siwezi kumnyima salamu zake. Mungu akutoe shimoni kila jioni ukiwa na viungo vyako vyote, na akurudishe kwetu.

Vifaranga wapya wa sato wanaingia Ijumaa. Sikungoja jibu lako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikatalia,
Mokami