Kila Nyumba Mtu Mmoja

Kijijini, Japani
Aprili 6, 2025

Mdogo wangu Bushra,

Eid imepita salama hapo Berea? Wazazi hawajambo? Mimi mzima, mgongo tu unalalamika.

Nilikwambia kijiji hiki kimebaki na wazee watupu, nasi tumekuja kujitolea ili kisife. Basi nimeharibu. Kabla ya kupanda mpunga, kila nyumba hutoa mtu mmoja kuzibua mfereji wa maji. Niliwaonea huruma. Nikawaambia, "Pumzikeni, wazee wangu," tukauzibua nusu sisi vijana peke yetu.

Tangu hapo hatusalimiwi. Mama Fumiko, ninayekaa kwake, ananiwekea chai, anageuka aende zake. Jumapili wana kikao. Wakiamua kuuacha mfereji, mpunga haupandwi tena, nasi tunafungasha.

Nimekosea wapi?

Kaka yako,
Luqman

Berea, Johannesburg
Aprili 8, 2025

Kaka Luqman,

Shikamoo. Sote wazima, mgonjwa ni lifti, kama ulivyoiacha.

Kosa lako nimeliona Eid hii, jikoni kwetu. Binamu Najma na wenzake walimwambia Bibi Ummi, "Bibi kaa, leo tunapika sisi." Akakaa. Pilau likapakuliwa, hakuligusa. "Kwani hii hitima yangu?" Watu wakacheka. Mimi nilimpelekea kisu na vitunguu vya kachumbari. Akakata, akatukosoa sote, kisha akala sahani mbili.

Nyumba isiyotoa mtu, kaka, ni kama imeshahamwa. Wewe umewahamisha wote asubuhi moja.

Kagonge kila mlango uombe mtu, hata wa kushika birika la chai. Nusu iliyobaki usiiguse kabla hawajafika. Darasani sithubutu kunyoosha mkono, lakini hili nina hakika nalo.

Mdogo wako,
Bushra

Kijijini, Japani
Aprili 14, 2025

Bushra mdogo wangu,

Hujambo? Bibi Ummi nisalimie kwa heshima zote!

Nyumba zote zimetoa mtu. Mzee Tadashi hawezi kuinama, kwa hiyo aliletewa kiti ukingoni, ikawa kazi yake kunisema: "Huyu anachimba mfereji au kaburi?" Maji yamefika hadi shamba la mwisho. Kikao hakikuchukua muda: wanapanda.

Mama Fumiko aliniuliza nani kanifunza. Nikamweleza habari zako. Akaingia ndani, akatoka na jembe la marehemu mumewe, akalitundika kando ya langu. "Hili la Bushra," akasema. "Mwakani nyumba hii inatoa wawili."

Kaka yako,
Luqman

Berea, Johannesburg
Aprili 17, 2025

Kaka Luqman,

Shikamoo, na Mama Fumiko mpe shikamoo yake. Mwambie matriki, mtihani wa kumaliza sekondari, naumaliza Novemba, na jembe langu asiliazime mtu.

Jana nimegonga milango ya ghorofa letu lote, kila chumba kitoe mtu mmoja tusafishe ngazi. Mlango wa kwanza niligonga kwa kidole kimoja, wa tatu kwa ngumi. Mama Célestine, yule Mkongo wa juu yetu, alipiga makofi: "Aye! Kumbe huyu mutoto iko na sauti!"

Tunaanza Jumamosi. Bibi Ummi ameshachagua ndoo yake.

Mdogo wako,
Bushra