Mikebe ya Zaina

Jumatatu, tarehe 5, mwezi wa kumi

Vikombe tatu ya maziwa. Alitapika moja. Miguu imevimba vilevile. Halii, hachezi.

Mama Julienne, muganga wa dispanseri, ndiye alisema niandike kila siku kile Zaina anakunywa, halafu nimuletee daftari aone. Bon, naandika. Mimi ni fundi wa bati, kazi yangu ni taa na mikebe, si kalamu. Lakini mutoto wangu wa miaka mbili iko na bwaki, ugonjwa ya kukosa chakula ya nguvu. Nywele yake imekuwa nyekundu. Nikibonyeza mguu yake na kidole, shimo inabaki palepale. Kwa hiyo naandika.

Aliachishwa ziwa juu mudogo wake, anayenyonya sasa, alikuja haraka. Asha, mama yake, anajilaumu. Mimi namwambia anyamaze. Simwambii kama mimi pia najilaumu.

Jumatano, tarehe 7

Vikombe mbili. Ya mwisho.

Maziwa ya unga imekwisha dispanseri. Mama Julienne alinionyesha gunia, akalipigapiga, vumbi nyeupe ikatoka, basi. Tangu askari wa uasi waingie muji, hakuna masuwa ya muto inayopanda kutoka muji mukuu, Léo. Hakuna maziwa, hakuna chumvi, hakuna sabuni. Miaka ine ya indépendance na tunafua nguo na majani ya papai!

Alinifundisha njia ingine. Kaanga karanga, kaanga mahindi, kausha samaki. Twanga yote, chekecha, changanya. Vijiko tatu ndani ya chupa, maji iliyochemshwa, mafuta ya mawese kidogo, tikisa. Anasema nguvu yake inakaribia maziwa. Na kwa kuwa imekwisha kukaangwa, haihitaji moto tena. Unaitengeneza mara moja, unaichunga, mutoto anakunywa siku nyingi. Mradi uichunge vizuri.

Kuchunga! Hapo amefika kwangu. Nani katika commune yote anajua kufunga mukebe kunishinda?

Ijumaa, tarehe 9

Maji ya wali tu leo. Nusu kikombe, mara ine.

Karanga, mahindi na samaki nimeipata ng'ambo ya muto, Lubunga. Nilivuka na pirogue ya asubuhi, roho juujuu. Moulin ya kusaga unga haitembei, courant ya umeme ya Tshopo inakuja na kuondoka, donc Asha na mama yake wanatwanga kwa kinu.

Huyu mama ya Asha alikuja kutoka Basoko kuona wajukuu, muto ukafungwa, akabaki hapa. Bokilo, mama mukwe. Tunaishi nyumba moja na hatuangaliani usoni, ndiyo heshima. Akiingia kwa mulango wa mbele, mimi natoka wa nyuma. Nimechoka kutoka.

Ana gunia ya mbinzo, viwavi kavu ya kwao. Alimutuma Asha aniulize kama watie ndani ya unga, ina nguvu sana. Nilikasirika. Nilijibu kwa sauti kubwa ili asikie mwenyewe: tangu babu yangu, nyumba hii ni ya Waislamu, haijakula wadudu, toeni hiyo kitu nje! Ameibeba kwa jirani.

Nilienda kusali. Sala haikukaa vizuri.

Jumamosi, tarehe 10

Unga imetoka kwa chungu inanukia hata nikaiba vijiko mbili. Nimejaza mikebe saba palepale, moto hivyo hivyo, nimefunika na bati, nimelehemu kandokando yote. Bakuli moja nimebakiza ya kuanza nayo.

Mama Julienne alisema tungoje ipoe mpaka kesho yake. Tungoje nini? Miaka kumi na tano nalehemu. Bati ya moto inashika vizuri, na kitu ya moto ni kitu kavu. Nimezamisha mikebe yote ndani ya maji, hakuna povu hata moja. Kazi safi. Najisifu, ndiyo, nani atanikataza?

Zaina, vikombe tatu. Hakutapika.

Jumatatu, tarehe 12

Vikombe ine. Ameshika kikombe yeye mwenyewe. Asha amecheka, mara ya kwanza tangu sijui lini.

Alhamisi, tarehe 15

Bakuli imekwisha. Nimefungua mukebe ya kwanza. Ukungu. Ya kijani, yenye manyoya. Harufu ya nguo iliyosahauliwa ndani ya maji.

Nimefungua ya pili. Ya tatu. Nimefungua yote saba. Chini ya kila kifuniko, matone ya maji. Mvuke. Nilifungia mvuke ndani, mimi na lehemu yangu safi. Haikupata pa kutokea.

Yote chooni. Karanga yote ya Lubunga, chooni. Na sasa kuvuka imekatazwa, mwenye pirogue amesema hata nikimupa nyumba hanipeleki.

Asha hakunifokea. Heri angenifokea. Alisema tu: "Ulipenda sifa." Kisha akaenda kumupangusa mutoto.

Nimelia nyuma ya choo. Mutu muzima.

Zaina, uji ya muhogo, vikombe mbili. Inajaza tumbo, haina kitu. Inzi alitua juu ya jicho yake, hakumufukuza.

Ijumaa, tarehe 16

Baada ya sala nilimufuata mwalimu wa muskiti, nikamuuliza juu ya mbinzo kwa sauti ya chini kama mutu anauliza habari ya pombe. Alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye mwenyewe anakula, bibi yake anaipika na pilipili. Alisema mutoto anakufa na wewe unauliza. Mungu wangu, haya niliyoipata pale!

Nyumbani nilikaa kwa kizingiti, mugongo kwa bokilo, kama inavyotakiwa. Nilisema: mama, nilikosa, nisamehe, mutoto anazama. Halafu akamwambia Asha, na mimi niko mita mbili tu: "Mwambie papa wa Zaina wadudu hawakukasirika. Wanamungoja kwa jirani."

Sijui kama alicheka. Mugongo haina macho. Nilikimbia kwa jirani nikabeba gunia mwenyewe, na jirani akaongeza bakuli mbili ya karanga na mahindi.

Jumapili, tarehe 18

Vikombe tatu ya unga mupya. Hakutapika.

Jana bokilo aliongoza kazi. Aliondoa vichwa ya mbinzo, akaikaanga polepole, akatwanga mwenyewe, hakumupa Asha muchi. Alitandaza unga juu ya ungo tatu, akafunika na kitambaa, akaweka mukeka yake kando, akalala pale kama mulinzi. Asubuhi aliingiza mukono mpaka chini kabisa, akaushikilia. Baridi. Ndipo Asha akaja kuniita.

Nimelehemu mikebe tano, bakuli moja imebaki ya kuanza nayo. Sikujisifu. Maji ya kunywa tumechemsha pia, tukajaza ndani ya bidon mbili, tukafunga.

Jumatano, tarehe 21

Ndege ilipita juu ya muji asubuhi. Tangu hapo masasi ya bunduki inalia upande wa bandari. Amri: mutu asitoke. Na moto usiwashwe, askari wanasema moshi inaonyesha ndege njia.

Bila moto hakuna uji, hakuna muhogo. Watu wazima tunatafuna karanga ya jirani iliyobaki. Zaina iko na mikebe yake.

Nimefungua ya kwanza na patasi. Mukono ulikataa kidogo. Asha alisogea, bokilo alisogea, vichwa tatu juu ya mukebe moja. Hata heshima ya bokilo tuliisahau.

Kavu. Inanukia. Safi kabisa.

Asha alikaa chini palepale. Vijiko tatu, maji ya bidon, mawese, tikisa. Vikombe ine.

Ijumaa, tarehe 23

Vikombe ine. Na karibu tusipate hata moja.

Askari watatu waliingia kupekua. Waliona mikebe ine iliyobaki chini ya kitanda. Haina karatasi, haina jina, imelehemiwa pande zote, ndani ya nyumba ya fundi. Mukubwa wao, mwenye ndevu, aliipima kwa mukono, akarudi nyuma. Akasema ni bombu. Alitaka kunipeleka. Nilisema chakula ya mutoto. Akauliza: nani anafungia chakula ya mutoto hivi?

Aliniamuru nifungue wakiwa mbali, nje ya mulango. Nikafungua. Akaja, akachovya kidole, akaonja. Uso ukabadilika. "Mbinzo!" Akachovya tena, akaweka mukebe chini ya kwapa aondoke nayo.

Bokilo akatoka pembeni. Mwanamuke mufupi, kanga imechakaa. Akamusemesha kiluga ya kwao Basoko, mutulivu kabisa, akanyoosha kidole kwa Zaina. Sikuelewa neno hata moja. Yule mwanaume alimuangalia mutoto, akaangalia miguu yake iliyovimba. Akarudisha mukebe juu ya meza kwa mikono mbili. Wakaenda.

Nilimuuliza Asha mama yake alisema nini. Alisema: "Alimuuliza yule askari mama yake alimulisha nini alipokuwa mudogo."

Jumatatu, tarehe 26

Vikombe tano! Na amelia. Amelia kabisa, kwa hasira, juu nilichelewa kutikisa chupa. Alinirukia akanyang'anya kikombe. Wiki ngapi hakuwa na nguvu ya kulia. Jirani alikuja mbio kuuliza kuna nini. Nilimwambia hakuna kitu, mutoto analia tu, na nilikuwa nacheka kama mulevi.

Amri imelegea. Tumewasha moto.

Jumatano, tarehe 28

Vikombe tano. Dispanseri imefunguliwa asubuhi. Mama Julienne alisoma daftari yote, hata yale hayamuhusu. Nilitaka ardhi inimeze. Alifika tarehe 10 akaniangalia, akaendelea. Alipomaliza alisema mimi na mukwe wangu tutengeneze ingine, kuna watoto tisa wengine. Nimekubali. Nimesema bokilo ndiye fundi, mimi nafunga tu.

Jumamosi, tarehe 31

Vikombe tano.

Mvua tangu alfajiri. Muji kimya. Ungo sita ya unga zimetandazwa ndani ya nyumba, hakuna pa kukanyaga. Bokilo amelala kando yake. Naingojea ipoe.

Zaina amelala juu ya mapaja yangu. Nimebonyeza mguu yake na kidole, nimehesabu mpaka tano, nimetoa. Shimo haikubaki. Nimebonyeza tena, juu sikuamini.

Amenipiga teke.