Mshale Usioshuka

Buguruni, 30 Agosti 1954

Kwa mke wangu Jovina,

Habari za huko Bukoba? Mama je, miguu yake? Mpe shikamoo yangu. Mie situlii, hata barua hii naiandika nimesimama, hapa kiwandani.

Leo tajiri kanifokea kwa ajili ya bili ya umeme. Mita yetu ina mshale unaopanda kufuata umeme tunaotumia kwa wakati mmoja, na kubaki juu hadi msoma mita aje mwisho wa mwezi, na pale ulipofika ndipo tunapotozwa. Kwa kawaida haupiti kilowati ishirini. Lakini Jumanne ile uliyopanda treni, niliwasha misumeno yote mitatu kwa pamoja, tumalize kazi upesi nikuwahi stesheni. Sikukuwahi. Mshale ukafika thelathini na nne, na ndizo tunazolipia mwezi mzima.

"Ilikuwa nusu saa tu, bwana!" nikamlalamikia msoma mita.

"Ndiyo hiyo ninayoiandika," akanijibu.

Jovina, jana nilikuandikia barua nyingine, nikijitetea kwamba katika miaka saba nimekupiga kofi mara moja tu. Nimeichana.

Mumeo, ukikubali bado,
Revelian